Namna ya Kumtafutia Makazi Mapya Mbwa Uliyemchukua Karibuni

Mbwa aliyeokotwa mtaani au kutolewa katika kituo cha hifadhi huwa amekwisha kuhama angalau mara moja kabla hajaingia getini kwako, na kila alipohama alipoteza watu, harufu na mahali pa kulala alipokuwa amepazoea. Kwa hiyo mtu anayegundua baada ya wiki chache kwamba hawezi kuendelea kumtunza ana jukumu kubwa kuliko la kutafuta mtu wa kumkabidhi: anapaswa kufanya kila linalowezekana ili uhamisho unaofuata uwe wa mwisho. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam aliyefikia hatua hiyo, awe mpangaji wa Sinza aliyeletewa notisi na mwenye nyumba, awe mzazi wa Tabata ambaye mtoto wake anabanwa na pumu kila mbwa anapoingia sebuleni, au familia ya Mbezi Beach iliyohamishiwa Dodoma kikazi. Hakuna aibu katika kukiri kwamba umeshindwa. Lililo baya ni kumshusha usiku karibu na soko la samaki la Feri au kandokando ya Barabara ya Bagamoyo ukitumaini kwamba atajitafutia riziki, kwa maana mbwa aliyekwisha kuzoea kuletewa chakula kwenye bakuli husubiri palepale alipoachwa, mpaka gari limkute.

Kabla ya kuamua

Watu wanaohifadhi mbwa katika nchi nyingi hutumia makadirio ya siku 3, wiki 3 na miezi 3. Katika siku 3 za kwanza mbwa huwa amechanganyikiwa, katika wiki 3 huanza kuelewa ratiba ya nyumba, na baada ya miezi 3 hujiona yuko kwao. Makadirio haya hayamfai kila mbwa kwa usawa, lakini yanasaidia kutambua kwamba mengi yanayowachosha watu katika mwezi wa kwanza ni mambo ya mpito. Mbwa aliyezaliwa na kukulia mtaroni hajui ukuta ni nini, hajawahi kufungwa kamba, na huenda akajificha nyuma ya tangi la maji siku nzima, akakojoa ndani, au akabweka usiku kucha kwa sababu ya jenereta la jirani. Wengine hulia kwa sauti ndefu adhana inaposikika alfajiri, jambo linalowakera majirani na kumtia mwenye mbwa fadhaa, ilhali mbwa hana nia yoyote mbaya na angelia vivyo hivyo kwa king'ora cha gari la wagonjwa.

Ikiwa tatizo lako ni kubweka, kuchimba bustani au kutafuna ndala za watoto, ninakusihi ujipe mwezi mmoja zaidi, umhamishie banda mbali na geti, umlishe kwa saa zilezile kila siku, na umtembeze mapema kabla jua halijawa kali. Ikiwa tabia imebadilika ghafla, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu sikio lililooza ndani au homa inayoletwa na kupe inaweza kumfanya mbwa mpole aonekane mkorofi. Vilevile, jike aliyeokotwa mwezi uliopita anaweza kuwa na mimba bila wewe kujua. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na hilo ni vyema ulijue wewe kabla halijawa mshangao wa mtu mwingine.

Zipo sababu ambazo subira haiziondoi, kama vile maradhi ya mtu wa nyumbani, amri ya mwenye nyumba, kuhama, au mbwa aliyekwisha kumuumiza mtoto. Zikiwa hizo ndizo zako, anza kutafuta mapema, wakati bado una siku za kutosha za kumkataa mtu asiyefaa. Aliyepewa siku 4 za kuhama hukubali yeyote anayetokea.

Mrudie aliyekupa

Simu ya kwanza ipigwe kwa mtu au kituo kilichokupa mbwa. Vituo vingi humtaka anayechukua mbwa atie saini karatasi inayosema kwamba mbwa hatapewa mtu wa tatu bila wao kujulishwa, na hata kama hukusaini chochote, wao ndio wanaoijua historia yake na pengine wana orodha ya watu wanaosubiri. Wengi huona haya kupiga simu hiyo. Wanaogopa kuambiwa kwamba walimchukua mbwa kwa mchezo, kwa hiyo wanamgawa kimyakimya, na kituo kinapokuja kuulizia maendeleo hakuna anayejua mbwa yuko wapi. Eleza kilichotokea bila kujitetea, taja tarehe ambayo huwezi kuivuka, na omba wakuruhusu uendelee kukaa naye wakati wao wanatafuta. Ombi hilo husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko kumfikisha mbwa mlangoni kwao bila taarifa.

Afya yake, na hasa kichaa cha mbwa

Mbwa asihame bila kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa takriban miezi 3 na kurudiwa, na kwa mbwa aliyetoka mtaani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kati ya kuumwa na mnyama mgonjwa na kuonekana kwa dalili hupita kwa kawaida wiki kadhaa hadi miezi michache. Mbwa uliyemwokota wiki 3 zilizopita anaweza kuonekana mzima kabisa huku ukiwa huna namna ya kujua kilichompata kabla hujakutana naye. Mweleze anayemchukua tarehe uliyompata na tarehe aliyochanjwa, na usizichanganye hizo mbili. Ofisa mifugo wa kata anaweza kukueleza lini na wapi chanjo hutolewa karibu na mtaa wako.

Ikiwa mbwa amemuuma mtu, mpango mzima wa kumhamisha usimame. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona mbwa atakuwaje, kwa kuwa ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara humuua. Mbwa naye afungiwe mahali salama na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Kumpeleka kwa mtu mwingine ndani ya siku hizo ni kumpelekea hatari ambayo hajaombwa aikubali, na pia ni kumnyima daktari nafasi ya kujua ukweli.

Dawa ya minyoo na ya kupe ni mambo ya siku moja. Kuhasi huhitaji muda zaidi: nyuzi huondolewa kwa kawaida kati ya siku 10 na 14 baada ya upasuaji, na mbwa angojee kwako mpaka kidonda kifunge. Ninashikilia sana jambo hili kwa majike, kwa sababu jike asiyehasiwa huwavutia watu wanaotaka kuzalisha watoto wa kuuza, na watu hao huongea vizuri kuliko wote.

Andika ulichokiona

Sehemu inayoamua kama mbwa atabaki huko aendako ni maelezo utakayoyaandika juu yake, na hapa ndipo watu wema hukosea zaidi. Kwa kumhurumia mbwa huandika kile wanachotamani kiwe kweli: "anapenda watoto", "hana shida na paka", "mpole sana". Anayemchukua huamini, mbwa hufanya kile ambacho amekuwa akikifanya siku zote, na baada ya wiki 2 anarudishwa akiwa ameongezewa sifa ya udanganyifu ambayo si yake.

Kwa hiyo andika yale tu uliyoyaona, pamoja na mazingira uliyoyaonea. Badala ya kusema anapenda watoto, andika kwamba ameishi wiki 6 na mtoto wa miaka 9, anamruhusu amguse mgongoni, lakini hunguruma akisogelewa anapokula. Badala ya kusema hana shida na paka, sema kwamba hujawahi kumwona akiwa karibu na paka. Andika anachokula, iwe ni ugali kwa dagaa au wali na utumbo, saa anazokula, mahali anapolala, sauti zinazomtisha, jina analoliitikia, na kama anakubali kufungwa kamba. Andika pia sababu ya kumtoa, nayo iwe sababu halisi. Msomaji akiona kwamba hukuficha ubaya, ataamini na uzuri ulioutaja.

Piga picha mchana, mbwa akiwa amesimama kando ya mtu mzima ili ukubwa wake uonekane. Usimtangaze kuwa ni mkali, hata kama unajua kwamba katika jiji hili wengi wanaotafuta mbwa wanatafuta mlinzi. Kazi ya ulinzi ni ya heshima, na mbwa anayelinda ua wenye kivuli, maji na watu wanaomjali huishi maisha mazuri. Lakini neno "mkali" humvuta mtu anayekusudia kumfunga mnyororo tangu asubuhi mpaka usiku akiamini kwamba mateso huongeza ukali. Mbwa wa kienyeji humbwekea mgeni bila kufundishwa na yeyote. Na kwa kuwa nimemtaja mbwa wa kienyeji, niseme kwamba jina la "koko" tunalompa limebeba dharau asiyostahili: manyoya yake mafupi yanavumilia joto na unyevu wa pwani kuliko manyoya ya mbwa wengi wanaonunuliwa kwa fedha nyingi, na anayeitafutia nyumba ya Kimara mbwa wa kuishi uani miaka mingi angeanza kumtazama yeye.

Mahali pa kutangaza

Anzia kwenye kliniki alikochanjwa, kwa sababu wanaofika pale tayari wamekwisha kuonyesha kwamba humpeleka mbwa kwa daktari. Endelea na wenzako kazini, jumuiya yenu, na kundi la WhatsApp la mtaa, mahali ambapo anayejitokeza anajulikana na mtu unayemjua. Tangazo la wazi kwenye kurasa za kuuza na kununua huleta watu wengi kwa haraka, na wengi wao hutaki kuwafungulia geti. Neno "bure" likiandikwa kwa herufi kubwa huwaalika wasio na nia ya kugharamia chochote. Njia ninayoipendelea ni kumwomba anayemchukua alipie chanjo ya mwaka ujao moja kwa moja kwa daktari, wewe usiguse hela yoyote. Asiyeweza au asiyetaka kulipia hilo atakuwa amekueleza mapema namna atakavyomtunza.

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mafundisho ya dini kuhusu mate ya mbwa na najisi yanazingatiwa, na yanastahili kuheshimiwa bila mabishano. Muulize anayetaka mbwa kama kila mtu wa nyumbani amekubali, na kama kuna mzee au mgeni wa kudumu ambaye atasumbuka. Zipo familia za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi uani kwa utaratibu wao mzuri, na zipo nyumba ambazo kijana ametamani mbwa ilhali mama yake hataki hata kumsikia. Usimbembeleze mtu. Mbwa aliyeingizwa nyumbani kwa kubembeleza hutolewa kwa hasira.

Mazungumzo na ziara

Anayepiga simu mpe nafasi ya kueleza kabla hujamhoji. Tuseme amepiga mzee wa Ukonga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa una mbwa unamtafutia mahali."

"Ndiyo mzee, ninaye. Naomba nikuulize, umewahi kufuga mbwa?"

"Nilikuwa naye mmoja, miaka minane. Walimtegea sumu wezi, mwaka juzi. Tangu hapo tumekaa tu."

"Pole sana mzee. Alikuwa analala wapi?"

Swali la mbwa aliyetangulia ndilo linalofichua zaidi kuliko maswali mengine yote. Mtu aliyemjali mbwa hukumbuka jina lake, miaka yake na namna alivyokufa, na mara nyingi sauti hubadilika anaposimulia. Anayejibu kwamba "alipotea tu", kisha anayemfuata naye "alipotea tu", amekupa jibu la kutosha. Usimkatae mtu kwa sababu tu mbwa wake alikufa vibaya. Mzee huyu angeweza kunificha habari ya sumu, na kwa kunieleza amenipa nafasi ya kumuuliza kama mbwa atafungiwa mbali na ukuta wakati wa usiku.

Kisha nenda nyumbani kwake, na usikubali kukabidhiana kwenye kituo cha basi au kwenye sheli. Tazama uzio na nafasi iliyo chini ya geti. Tazama kivuli kipo wapi saa 8 mchana, na uliza mbwa atalala wapi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji yanapojaa uani. Ikiwa ni mpangaji, omba usikie ruhusa kutoka kwa mwenye nyumba mwenyewe. Kama kuna mbwa mwingine, wakutanishwe kwanza nje, barabarani, wote wakiwa wamefungwa kamba, kabla mgeni hajaingia katika eneo la mwenyeji.

Lakini kuna mtu ambaye wageni husahau kabisa kuongea naye. Katika nyumba nyingi za hapa anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi au mlinzi. Yeye ndiye atakayeweka maji, atakayeosha banda, na atakayekuwa peke yake na mbwa pindi wenye nyumba wakiwa kwenye foleni ya Ubungo. Omba ruhusa kwa heshima uongee naye, umuulize kama anaogopa mbwa, na utazame anavyosimama mbwa anapomsogelea. Niliwahi kumpeleka mbwa mpole kwa familia iliyonifurahisha kwa kila jambo, nikarudishiwa baada ya siku 9, kwa sababu dada alikuwa amewahi kung'atwa utotoni na hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza. Alikuwa akimrushia chakula kutoka mbali na kumfukuza kwa fagio, na hakuwa na kosa. Ni sisi tuliompa kazi ya hofu bila kumshirikisha.

Kukabidhi

Kubalianeni kipindi cha majaribio cha wiki 2, na muandike karatasi fupi yenye majina yenu, namba za simu, maelezo ya mbwa, tarehe za chanjo, na sharti moja ambalo halina mjadala: akishindwa kumtunza wakati wowote, atakupigia wewe kabla ya kumpa mtu mwingine. Kila mmoja abaki na nakala. Mkimshirikisha mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kuwa shahidi, karatasi hupata uzito, na mtaa unajua mbwa yule ni wa nani.

Msafirishe alfajiri, akiwa hajala kwa saa chache, ndani ya gari au bajaji, akiwa amevaa ukosi wenye namba ya simu na kamba iliyoshikwa na mtu mzima, bodaboda haifai. Kwa anayekwenda Kigamboni, Daraja la Nyerere ni tulivu kwake kuliko msongamano na honi za pantoni. Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache za kununua vocha, kwa sababu joto la humo hupanda haraka na humuua. Mpe mwenyeji chakula alichozoea cha siku 4 au 5 na kitambaa alichokilalia, bila kukifua.

Mbwa aliyehamishwa kutoka Tabata hadi Ukonga anaweza kujaribu kurudi Tabata, na njiani kuna Barabara ya Nyerere. Kwa wiki 2 za kwanza asitoke nje ya uzio bila kamba, na geti liwe na mtu anayejua hivyo.

Asipopatikana wa kumchukua

Utaambiwa umpeleke shamba, Bagamoyo au Mkuranga, kwa sababu shamba lina nafasi. Nafasi peke yake haimlishi mbwa. Shamba lenye mtu anayeishi pale na anayemtaka ni nyumba kama nyingine, nalo litembelewe na kuhojiwa vilevile. Shamba lisilo na mtu ni kutupa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili, na umbali kutoka mjini haubadilishi chochote. Ongeza muda, rudi kwa kituo na kwa daktari, tafuta mtu wa kumhifadhi kwa malipo ya chakula wakati unaendelea kutafuta.

Na ikiwa mbwa ameuma watu zaidi ya mara moja bila kuchokozwa, kaa na daktari wa mifugo mzungumze kwa uwazi. Ni afadhali sindano isiyo na maumivu mbele ya mtu anayemjua kuliko kumpa familia nyingine yenye watoto ukinyamaza. Nimeona mtu akilia katika chumba hicho, na bado ninaamini alifanya haki.

Baada ya kukabidhi, piga simu siku ya 3, wiki ya 3 na mwezi wa 3, na uulize mambo yanayojibika: amekula nini jana, amelala wapi, nani amemtembeza. Kwa maoni yangu usiende kumwona katika wiki za mwanzo, hata kama moyo unakusukuma, kwa kuwa sauti yako getini humrudisha kwenye kukungoja. Tarehe ya chanjo ijayo iandike kwenye kalenda yako pia, na ikikaribia mpigie mwenyeji umkumbushe.